Bomba Linalovuja Si Jambo la Kumngoja Baba

Mwezi huu sitaanza na homa wala chanjo kama mlivyonizoea. Nitaanza na bafu la nyumbani kwangu, na kosa ambalo ni langu mwenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2022. Mto Ruvu, ambao hutuletea sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam, ulikuwa umepungua kwa ukame na mji ulikuwa kwenye mgawo. Mtaani kwetu maji yaliweza kukaa siku tatu bila kutoka, kisha yakaja usiku wa manane kwa nguvu kama yamefukuzwa. Mimi nilikuwa zamu ya usiku wodini. Baba watoto alikuwa amesafiri kwenda Songea msibani. Nyumbani walibaki watoto watatu, mkubwa wao binti wa miaka 14.

Nyuma ya choo chetu cha kuvuta kuna ule mpira mfupi uliosukwa kwa nyaya nyembamba, unaotoa maji ukutani na kuyapeleka kwenye tangi dogo la choo. Nyaya zake zilikuwa zimeanza kushika kutu. Niliiona kutu hiyo kila nilipopiga deki, kwa muda wa miezi mitatu, na kila mara nilijiambia, “Baba akipata nafasi atamwita fundi.” Usiku ule, saa nane, maji yalirudi na ule mpira ukapasuka.

Binti yangu aliamshwa na mdogo wake aliyekuwa analia kwamba kandambili zake zinaogelea. Maji yalikwisha kutoka bafuni, yakapita sebuleni na kuingia chumba cha watoto, na sasa yalikuwa yanaelekea jikoni. Wakahangaika na ndoo na matambara. Koki ndogo ya ukutani ilikuwa imeganda, haizunguki. Koki kuu ya nyumba hakuna aliyejua iko wapi. Walizoa maji kwa saa mbili, mpaka mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa ameamka kwa ajili ya sala ya alfajiri, aliposikia kelele akaja. Mzee yule hakuuliza kwanza habari za maji. Aliuliza, “Umeme mmezima?”

Hawakuwa wamezima. Ule waya wa kuongezea umeme, wenye matundu manne, ulikuwa sakafuni jikoni, jokofu limechomekwa, na maji yalikuwa yamebakiza upana wa vidole viwili kuufikia.

Nimefanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka 20 na nimewapokea watu waliopigwa na umeme. Nilipofika asubuhi na kuelezwa, nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, miguu haina nguvu. Hasara nyingine zote nilizisahau kwa muda: godoro moja, madaftari ya shule, kilo 10 za unga, na kabati la mbao za kubandika ambalo lilivimba miguu kama mgonjwa wa moyo. Zulia tulilianika siku mbili tukadhani limekauka. Wiki ya pili likaanza kunuka, na kitinda mimba wangu, ambaye ana pumu, akaanza kukohoa usiku. Tulilitupa.

Basi naomba tuzungumze mambo haya sisi wenyewe, maana ndio tunaoshinda na sinki, choo na ndoo. Simdharau baba. Lakini baba huwa kazini au safarini, na maji hayamsubiri mtu.

Je, mama, unaijua koki kuu ya nyumba yako? Weka gazeti hili chini ukaitafute. Mara nyingi ipo karibu na mita, ndani ya kisanduku kando ya ukuta wa nje, na wakati mwingine imefukiwa na mchanga au imefunikwa na maboga. Kama umepanga, mwulize mwenye nyumba leo hii, wala usione haya. Ikiwa mna tangi la juu, fahamu kwamba ziko njia mbili za maji. Ukifunga koki ya mtaani peke yake, lita zote zilizomo kwenye tangi bado zitateremka ndani ya nyumba. Itafute pia koki iliyo chini ya tangi, kwenye bomba linaloingia ndani. Zetu tumezipaka rangi nyekundu iliyobaki kwenye geti.

Koki ya mkono hufungwa kwa kuugeuza mkono ukae kama msalaba juu ya bomba. Ile ya gurudumu huzungushwa kama mshale wa saa mpaka ikome. Mara moja kwa mwezi ifunge na kuifungua, vinginevyo itaganda kama ile ya kwangu. Ile ya gurudumu, ukimaliza kuifungua yote, irudishe nyuma kidogo tu, robo mzunguko, isije ikakaza ikiwa wazi. Kisha mwite kila mtu wa nyumbani aliye na nguvu za kutosha, pamoja na dada wa kazi, aifunge kwa mikono yake mwenyewe. Kumwonyesha kwa kidole hakutoshi.

Na utaratibu uwe huu: kama maji yamefika kwenye soketi au waya, au yanadondoka kwenye taa ya dari, zima swichi kuu kwanza, ikiwa unaweza kuifikia ukiwa na miguu mikavu na mikono mikavu. Ikiwa ni lazima ukanyage maji ili uifikie, acha kila kitu, toa watoto nje, ita msaada. Godoro linanunuliwa.

Wakati wa mgawo tuna desturi moja ambayo najua sababu yake, kwa kuwa hata mimi nilikuwa nayo. Tunaacha bomba wazi ili maji yakija tusikie. Halafu usingizi unatuchukua, au tunatoka kwenda sokoni, na chini ya bomba kuna sufuria chafu iliyoziba tundu la sinki. Kama huna budi kuacha bomba wazi, liwe lile la uani, lenye ndoo ya bati chini yake. Yakija utayasikia, na yakimwagika yatamwagikia mchangani. Kwenye tangi liwepo boya linalofunga maji likijaa. Mara moja moja linyanyue boya hilo kwa mkono maji yakiwa yanaingia. Maji yasipokatika, lina kasoro, na ndilo litakalowamwagia majirani usiku.

Sasa kutoka kwenye mafuriko twende kwenye tone moja.

Sisi wauguzi tumefundishwa kuhesabu matone. Kwa dripu ya kawaida, matone 20 ni mililita 1. Siku moja nimekaa jikoni nachambua mchele, nikajikuta nahesabu matone ya bomba la sinki, ambalo lilikuwa likidondosha tangu sikukuu ya Pasaka. Tone la bomba ni kubwa kuliko la dripu, kwa hiyo hesabu ya hospitali haifai. Nikakinga chupa ya nusu lita. Ilijaa kwa dakika 40. Fanya hesabu nami: hiyo ni lita 18 kwa siku, zaidi ya lita 500 kwa mwezi, yaani uniti nusu nzima ya maji. Na katika mgawo ule, bomba lile lilipokuwa linakunywa kutoka kwenye tangi letu mchana na usiku, mimi nilikuwa nanunua maji kwa madumu ya lita 20 kutoka kwa kijana wa mkokoteni!

Ugonjwa wa bomba lile ulikuwa washa, kile kipande cha mpira cha duara kinachokaa ndani yake. Bei yake haifiki soda. Tunachofanya wengi ni kukaza bomba zaidi na zaidi, hata watoto wanashindwa kulifungua, na kwa kukaza hivyo tunalila lile kalio la ndani ambalo mpira hukalia, mpaka bomba zima linakuwa la kutupa. Funga koki kuu, fungua bomba litoe maji yaliyobaki, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skurubu isikupotee, fungua kichwa kwa spana, toa washa ya zamani uende nayo dukani wakupe inayolingana. Mabomba mengi ya siku hizi, yale ya kugeuza nusu mzunguko tu, hayana washa ya namna hiyo. Yana kifaa cha ndani ambacho hubadilishwa chote. Nacho nenda nacho mkononi. Mara ya kwanza ilinichukua saa nzima na kucha mbili. Sasa ni kazi ya robo saa.

Choo ni mwizi mkimya zaidi. Chenyewe hakidondoshi mahali unapoona. Maji huteleza kutoka kwenye tangi lake dogo kwenda bakulini, usiku kucha. Usiku wote wakishalala, tia rangi kidogo ya chakula kwenye tangi hilo, au kikombe cha kahawa nyeusi iliyopoa, usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikitokea bakulini, mpira wa chini umechoka. Kama huna rangi, kausha sehemu ya nyuma ya bakuli na kubandika kipande cha karatasi ya chooni. Kikilowa bila mtu kuvuta maji, umemkamata mwizi. Tazama pia kama maji ndani ya tangi yanapanda mpaka yanaingia kwenye kile kibomba kilichosimama katikati. Hapo boya linahitaji kushushwa.

Halafu iko mita. Akina mama wengi huiona mita kuwa ni ya watu wa bili. Siku maji yanapotoka, funga mabomba yote, hakikisha tangi limejaa, kisha tazama kile kigurudumu kidogo cha nyota kinachozunguka hata maji yakipita kidogo sana. Kikizunguka na nyumba imefungwa, maji yanakwenda mahali. Sasa funga koki ya kuingilia ndani ya nyumba au ya kwenye tangi. Kikisimama, mvujo uko ndani au chooni. Kikiendelea kuzunguka, mvujo uko ardhini, kati ya mita na koki hiyo, na huu ndio unaonitia hofu kuliko yote. Nitawaambia kwa nini.

Kikundi chetu cha akina mama kanisani huwatembelea waliojifungua na wenye wagonjwa. Mwaka mmoja, mwezi wa tisa, jua kali, nyasi zote zimekauka, tulikwenda kwa mama mmoja ambaye mtoto wake wa miaka miwili alikuwa ameharisha mara ya nne ndani ya miezi michache. Nyumba yake ilikuwa safi. Anafunika chakula, ananawa mikono, choo kinapigwa deki. Tulipotoka uani nikaona tuta la mchicha, umestawi, majani mapana kama viganja. Nikamsifu. Akacheka, akasema, “Huo wala simwagilii, mama. Hapo pana unyevu wenyewe.”

Mchicha ulikuwa umeota juu ya mstari wa bomba la maji safi. Hatua tatu kutoka pale ulikuwa mfuniko wa karo la maji machafu, na kingo zake zilikuwa mbichi.

Nilimuuliza kama kuna bomba linalovuja. Akasema anafahamu, ila anamsubiri baba watoto, dereva wa lori, arudi kutoka safari ya Zambia. Tulichimba wenyewe, wanawake watano na majembe mawili, huku kanga tumezifunga viunoni. Kiungo cha bomba kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa baiskeli uliokatwa utepe, kama tunavyoona kila mtaa, na tope lililokizunguka lilikuwa jeusi lenye harufu ya choo.

Tunapoona bomba linavuja tunafikiri ni maji yetu tu yanapotea. Hivyo ndivyo ilivyo wakati maji yana nguvu: yanasukuma kwenda nje. Lakini maji yakikatwa, bomba hubaki tupu, na maji yaliyomo yanapoteremka kuelekea mabondeni, au jirani anapowasha pampu inayovuta moja kwa moja kutoka kwenye bomba la mtaa, bomba hunyonya. Mfano wake ni bomba la sindano: sukuma mkono wake, dawa inatoka, vuta nyuma, kilichopo nje kinaingia. Tundu ni lile lile. Katika mji wenye mgawo, kitendo hicho hurudiwa kila maji yanapokwenda na kurudi. Kile kidimbwi kinachozunguka kiungo kilichofungwa kwa mpira huingia ndani, na maji yakirudi kinaletwa jikoni kwako. Kwa njia hiyo yanaweza kupita kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na homa ya ini inayotokana na uchafu. Mnakumbuka kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea mikoani.

Siwezi kuapa kwamba kiungo kile ndicho kilichomharisha mtoto yule; hatukupeleka maji maabara. Ila nilimwambia mama yake asisubiri lori.

Kwa hiyo, maji yakirudi baada ya kukatika, ndoo za mwanzo ziwe za kudekia na za choo, hata kama yanaonekana meupe. Ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, yafunikwe, yachotwe kwa kikombe chenye mkono mrefu; au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na kuachwa kwa muda ulioandikwa. Na kiungo kinachovuja, kama kiko upande wako wa mita, mwite fundi leo. Kama kiko upande wa mtaani, toa taarifa kwa mamlaka ya maji, na uandike tarehe na jina la aliyekupokea. Usipoona mtu, rudi tena. Mimi nimewahi kurudi mara nne, na mara ya nne nilikwenda na wenzangu wawili.

Fundi naye asimamiwe. Bomba la maji safi lisilazwe kwenye mtaro mmoja na bomba la maji machafu. Likiwa ni lazima yapishane, la maji safi lipite juu. Plastiki ile ya kawaida isiachwe wazi juani, maana jua huifanya iwe ngumu na kuvunjika kama biskuti. Panapopita gari pachimbwe zaidi. Usipande mti mkubwa karibu, hasa mikuyu, kwa maana mizizi hufuata unyevu na kuingia kwenye nyufa. Na kubwa kuliko yote, asifukie wala kupiga lipu kabla maji hayajakaa ndani ya bomba kwa nguvu usiku mzima na ukaona kwa macho yako kwamba viungo ni vikavu. Fundi atasema ana kazi kwingine. Mpe nusu ya fedha, nyingine aje kuichukua asubuhi.

Ndani ya nyumba, ukuta ndio unaosema. Rangi inayotoka malengelenge, chumvi nyeupe kama unga chini ya ukuta, doa la dari linaloongezeka ukubwa, mlango wa bafu uliovimba, harufu ya ukungu kabatini: usipake rangi juu yake. Tafuta maji yanatoka wapi kwanza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likieleza uhusiano wake na pumu na magonjwa ya njia ya hewa. Kilicholowa, kama zulia, godoro au mbao za kubandika, kikaushwe ndani ya siku moja au mbili. Kikishindikana kitolewe chumba cha mtoto, hata kama kinauma.

Na maji yaliyotuama kwenye kisanduku cha mita, chini ya tangi, au kwenye ndoo unayokinga mvujo, humzaa mbu yule wa madoa meupe miguuni anayeuma mchana, aletaye homa ya dengi. Dar es Salaam iliugua homa hiyo mwaka 2014 na tena 2019. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua takriban wiki moja hadi siku kumi, basi ndoo ya kukinga imwagwe na kusuguliwa kila siku mpaka fundi aje. Isigeuke kuwa samani ya nyumba.

Yule mama wa mchicha alibadilisha kiungo siku ya pili, baba akiwa bado yuko Tunduma. Tuta amelihamishia upande wa pili wa ua, mbali na karo, na analimwagilia kwa maji aliyooshea mboga. Jumapili iliyopita aliniletea mafungu mawili. Niliuosha mara tatu, nikaupika.